TAHADHARI: "Mtaalamu wa kumbukumbu" wa mambo ya UFO (vyombo vya angani visivyojulikana) kamla dereva wetu dola 2,400

Jamani, madereva na wake za madereva mlioko Marekani, simameni hapa kidogo. Yule jamaa wa "kurudisha masaa yaliyopotea", anayedai kukutia hipnosi (hali kama ya nusu usingizi) ukumbuke ulivyotekwa na viumbe wa angani, na ambaye namba yake imezungushwa kwenye magrupu yetu miezi yote hii, ni tapeli. Kaka yetu wa Omaha (mnamjua, hatajwi, aibu aliyonayo inamtosha) kaingizwa mkenge mchana kweupe. Rekodi ya kikao cha kwanza ipo, dakika 94, na imesikilizwa neno kwa neno.

Kisa chenyewe cha barabarani ni kifupi: alikuwa akiendesha lori usiku huko Nebraska, akafika amechelewa saa moja na dakika 35 asizozikumbuka. Twende kwenye kikao.

Dakika ya 6 anamlegeza: funga macho, pumua, shuka ngazi kumi, kila ngazi mwili unakuwa mzito. Hapo hakuna ubaya, hata wataalamu wa kweli wa hipnosi huanza hivyo. Ubaya unaanza dakika ya 14. Sikilizeni anavyosema: "Hata kama hukumbuki, sema picha ya kwanza inayokujia. Usiichuje." Yaani mtu anaambiwa abahatishe, na kila anachobahatisha kitaandikwa kuwa kumbukumbu. Dakika ya 19 kaka anasema anaona mwanga. Dereva wa lori, usiku, kwenye barabara kuu, anaona mwanga! Ingekuwa muujiza asiuone. Tapeli anarukia: "Mwanga unashuka, au umesimama juu yako?" Hakuna jibu la tatu hapo. Taa za lori la mbele hazimo. Kaka anajibu, "Umesimama."

Dakika ya 27 ndiyo inayotia uchungu. "Wangapi wamesimama karibu na mlango?" Mpaka hapo hakuna aliyetaja mtu wala kiumbe. Kimya kirefu. Halafu sauti ya chini kabisa: "Watatu." Kisha, "Macho yao ni makubwa?" "Makubwa." Dakika ya 58 mtu mzima analia kama mtoto, na biashara imekwisha hapo. Ukishalia kwa jambo, huwezi tena kuambiwa halikutokea.

Msimcheke. Kwanza, kikao hicho kilikuwa bure, na tapeli alikataa hela kwa mdomo wake. Pili, kaka aliogopa hospitali. Kila dereva anajua kadi ya afya ya DOT (Wizara ya Uchukuzi ya Marekani) ilivyo: ukisema ulipoteza fahamu ukiwa kwenye usukani, au ukiandikiwa kifafa, kazi imeingia mashakani. Sasa anakuja mtu mpole, mwenye cheti ukutani, anakwambia ubongo wako ni mzima, tatizo ni "wao". Nani asingependa kuambiwa hivyo?

Tatu, jamaa ana maneno. Alimsimulia habari ya Betty na Barney Hill, mke na mume waliokuwa wakirudi kutoka Kanada kwenda Portsmouth, New Hampshire, usiku wa tarehe 19 Septemba 1961, wakafika nyumbani wamechelewa karibu saa mbili. Ni kweli kisa kipo. Alichokificha ni hiki: saa hizo mbili wenyewe hawakuzigundua mpaka walipoulizwa na wachunguzi wiki kadhaa baadaye. Betty alikuwa ameshaota ndoto za kutekwa na kuziandika kabla hajaguswa na hipnosi. Na Dk. Benjamin Simon, daktari wa akili wa Boston aliyewafanyia hipnosi mwaka 1964, hakuamini kwamba walitekwa. Aliona simulizi ya Barney imejengwa juu ya ndoto za mkewe. Daktari wa kisa chenyewe hakukubali, huyu wa Zoom anakubali kwa dola 400 kila kikao!

Akataja na chuo kikuu cha Harvard, kwa sababu ya Profesa John Mack, daktari wa akili wa huko aliyewasikiliza kwa uzito watu waliodai kutekwa. Hakusema kwamba mwaka 1994 mwanamke mmoja alijitokeza hadharani akaeleza kuwa alimtungia Mack hadithi za kutekwa na zikapokelewa. Wala hakusema kwamba Harvard hiyo hiyo, mwaka 2002, mtafiti wa saikolojia Susan Clancy na wenzake waliwapima watu wanaoamini walitekwa kwa orodha za maneno. Mfano unasomewa sukari, asali, pipi, keki, kisha unaulizwa kama "tamu" ilikuwemo. Waliodai kumbukumbu zao zilirudi baadaye walidanganyika na maneno yasiyokuwemo zaidi ya watu wasiodai kutekwa. Chama cha Madaktari cha Marekani kilishaonya tangu 1985 kwamba kumbukumbu za hipnosi si sahihi zaidi ya zile za kawaida, na huongezewa chumvi bila mwenyewe kujua.

Sasa masaa yenyewe. Tufanye hesabu ambayo tapeli hakutaka ifanywe. Kaka aliondoka Ogallala saa 7:40 usiku akielekea mashariki kwa Interstate 80. Simu ilimwonyesha saa 10:05 alipofika North Platte. Ni kama maili 50, dakika 50 hivi kwa lori. Kwa hiyo saa moja na dakika 35 "zimepotea". Lakini Ogallala iko kwenye saa za Milimani na North Platte saa za Kati. Katikati ya miji hiyo simu inaruka mbele saa nzima, yenyewe, bila kukuuliza. Dakika 60 zimeshapatikana. Zimebaki 35.

Fungua ELD, kifaa cha ndani ya lori kinachorekodi saa za udereva. Kile kidude kinafuata saa za makao ya kampuni, hakirukiruki na mipaka. Kinaonyesha lori limesimama dakika 34. Na kinaonyesha zaidi: ukikaa dakika 5 bila kusogea kinakuuliza kama bado unaendesha, na usipojibu ndani ya dakika moja kinakutoa chenyewe kwenye hali ya udereva. Kilimtoa chenyewe. Hakujibu kwa sababu alikuwa amelala kwenye kiti. Dakika chache kabla ya usingizi kukushika huwa hazihifadhiwi kichwani, ndiyo maana hata kuegesha hakukumbuki.

Usingizi wa namna hiyo unahitaji daktari. Huenda ni kukatika pumzi usiku (mkewe anasema anakoroma kama trekta), na hilo linapimwa, linatibiwa kwa mashine ya CPAP inayokupulizia hewa ukilala, na dereva anaendelea na kazi. Wengine ni sukari kushuka kwa sababu ya insulini, au dawa za mafua za usiku. Wengine ni kifafa kisicho na degedege: macho wazi, mdomo unatafuna, dakika moja mbili, hakuna kumbukumbu. Tapeli alimwambia, dakika ya 90, "Usiende kwa daktari, atakuharibia leseni." Mtu anayevuta tani 36 barabarani! Kwa hilo peke yake anastahili pingu.

Baadaye ndipo zikaja zile dola 2,400, vikao sita kwa Zelle (kutuma hela kwa simu moja kwa moja kutoka benki), na "kupima alama". Alimtumia taa ya UV ajimulike mguuni gizani: kumbe mabaki ya sabuni ya kufulia na nyuzi za nguo hung'aa kwenye taa hiyo. Na kipima sumaku kikalia mkononi, kwa sababu simu, yenye sumaku ndani, ilikuwa kwenye mfuko wa shati.

Dalili, kwa kifupi: anakutumia video za viumbe kabla ya kikao, anauliza "wangapi" kabla hujasema kuna mtu, hana leseni ya jimbo, cheti tu cha kozi, anataka Zelle au kadi za zawadi, na kwenye mkataba kuna mstari unaompa haki ya kurusha sauti yako YouTube. Kaka alisaini huo mstari. Mnaona sasa kwa nini hataki hata kutoka nje?

Hela za Zelle ulizotuma mwenyewe hazirudi kirahisi. Aliyelipa kwa kadi ya mkopo aandike pingamizi benki ndani ya siku 60 tangu bili. Wote ripotini reportfraud.ftc.gov (tume ya serikali ya Marekani inayolinda wateja) na kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo lenu. Afungwe, anyang'anywe hizo video, na awarudishie watu senti yao ya mwisho. Aliyeisambaza namba yake aifute leo, na akija na namba nyingine mtamjua: huanza na "rafiki yangu, wewe si wa kwanza".