Unga wa kulishia sungura mgonjwa: uzoefu wangu na sungura wetu Kungu, Wete, Pemba

Nimeutumia unga huu mara tatu ndani ya miezi tisa, kwa sungura mmoja, na naandika kila nilichokiona kwa sababu wakati mie nahangaika kutafuta habari kama hizi kwa Kiswahili sikuzipata. Ni ule unga wa pakiti wa kulishia wanyama wala majani waliogoma kula, unaotengenezwa Marekani. Rangi yake kijani iliyofifia, na ukiifungua pakiti unasikia harufu ya majani makavu na kitu kama shamari. Unauchanganya na maji ya uvuguvugu, unautia kwenye bomba la sindano lisilo na mwiba, unamlisha mnyama mdomoni kidogo kidogo. Dada yangu aliniletea kutoka Muscat. Pakiti ya gramu 141 aliinunua riyali 6, ambazo ukizigeuza ni kama shilingi elfu 40 za kwetu.

Mgonjwa wetu ni Kungu. Jina tulimpa kwa rangi yake, kahawia ya kungumanga. Ni dume, kilo 1.8, alikuja nyumbani ndani ya kikapu cha ukindu mwaka mwanangu alipomaliza darasa la nne. Hatukumchukua kwa nyama. Analala chini ya kitanda cha mtoto, na jioni akisikia kisu kinakata mboga jikoni anakuja mwenyewe kusimama mlangoni.

Mara ya kwanza kuugua ilikuwa Februari, kaskazi, joto la kukaukia. Asubuhi nilimwekea matembele, mchana nikayakuta vile vile yamenyauka. Kungu kajikunyata pembeni, tumbo kalibana sakafuni, macho nusu. Nikainama karibu yake nikasikia sauti ndogo, kama mtu anasugua vijiwe viwili. Anasaga meno. Sikujua wakati ule kwamba sungura akisaga meno kwa nguvu namna ile ana maumivu makali. Nilidhani joto limemzidi, nikamwekea maji ya baridi na kipande cha ndizi mbivu. Ndizi akailamba, nikafurahi. Chooni kwake kulikuwa na punje chache kavu, ndogo kama pilipili manga, wakati kawaida yake ni kubwa kama dengu.

Bi Mkubwa wa nyumba ya pili, aliyefuga mbuzi umri wake wote, alimtazama akaniambia: "Mwanangu, mchinjeni mapema kabla hajawa mzoga." Hakusema kwa ubaya, ndivyo mfugo unavyotazamwa. Lakini mwanangu alisikia, akaingia chumbani akafunga mlango, na mie nikajua kwamba huyu sungura sitamwacha hivi hivi.

Jirani mwengine akaniambia nimpe amoksilini ya watoto, ile ya maji, mbuzi wake ilimsaidia. Nilikuwa nayo kwenye kabati. Usiku ule nilishaifungua chupa na kijiko nimekishika, ndipo binamu yangu akanipa namba ya daktari wa mifugo aliyeko Chake Chake. Nilimpigia saa tatu usiku, na namshukuru Mungu alipokea. Neno lake la kwanza: "Mama, hiyo dawa usimpe. Mtoto sawa, lakini sungura akiinywa inaweza kumuua."

Akanieleza taratibu, na hapa nawaomba wenye sungura msome vizuri. Tumbo la sungura linaishi kwa vijidudu vizuri vinavyochachusha majani ndani ya mfuko mkubwa wa utumbo. Amoksilini ya kunywa inaviua hivyo, vibaya vinabaki kutawala na kutoa sumu. Na sungura hawezi kutapika, kilichoingia kimeingia. Utumbo wake unasukumwa na nyuzinyuzi za majani. Akiacha kula, utumbo unasimama. Ukisimama, gesi inajaa. Gesi inauma, na mwenye maumivu hali chakula. Ndiyo maana sungura aliyepitisha saa kumi na mbili bila kula si wa kusubiri kesho.

Asubuhi daktari alikuja na pikipiki. Alimpima joto akakuta 37.2, wakati sungura mzima huwa kati ya 38.5 na 40. Kabla ya chakula chochote alitaka apate moto: chupa ya maji ya uvuguvugu, juu yake kitambaa. Akampiga sindano ya maumivu, akamtia maji ya dripu chini ya ngozi, mgongoni pakainuka kama nundu. Akamtazama meno mpaka magego kwa tochi. Kinyesi alikichukua akakitazama kwa darubini, anatafuta koksidia, wale wadudu wanaoshambulia utumbo wa sungura. Hakuwakuta. Nikamuuliza sasa ni nini. Akasema: "Nikikwambia najua chanzo nitakuwa nakudanganya. Ninachojua ni kwamba utumbo umesimama na lazima uende." Na ile ndizi akaniambia ilikuwa kosa, sukari inazidisha gesi.

Mara ile tulimlisha mchicha uliotwangwa na chakula chake cha vidonge kilichorowekwa. Alipona siku ya tano, amekonda mpaka mifupa ya mgongo unaihesabu kwa vidole. Daktari akaniambia kuna unga maalumu, nikiweza kuupata niuweke ndani kabla hajaumwa tena. Nikampigia dada.

Akaumwa tena Julai. Kusi linavuma, usiku tunajifunika, kwa hiyo ile hadithi ya joto ikafa siku hiyo hiyo. Lakini sasa pakiti ilikuwa ndani.

Nimwelezee asiyewahi kufanya. Kwanza daktari alimpapasa tumbo. Alinionya kwamba likiwa limekaza kama ngoma nisimlishe kabisa, huenda njia imeziba na chakula kitamuumiza zaidi. Halikuwa hivyo. Nikachota sehemu moja ya unga kwa mbili za maji, nikakoroga mpaka ukawa kama uji mzito. Nikamzungushia Kungu kanga kama mtoto mchanga, kichwa peke yake nje, nikamkalisha mapajani. Usimlaze chali, chakula kitaingia mapafuni. Bomba unalipitisha ubavuni mwa mdomo, pale nyuma ya meno ya mbele penye nafasi, unasukuma tone kubwa moja, unangoja atafune ameze, ndipo unasukuma jengine. Mililita 15 kila baada ya saa nne, usiku na mchana. Mililita 15 zinachukua nusu saa mtu ukiwa na subira, na ukiwa huna subira zinaishia kwenye kanga.

Tone la kwanza alilitema. La pili akalishika mdomoni, pua ikatulia kidogo, halafu taya likaanza kwenda upande upande. Mdomo ulikuwa unatafuna kitu cha jamii ya majani, na mie nikaona macho yake yanafunguka. Na ile mboga ya kutwanga hakuwahi kutafuna namna ile hata siku moja. Kwa hili peke yake unga huu nausifu: sungura anaukubali. Kuanzia mara ya tatu ya kumlisha alikuwa anavuta shingo kulifuata bomba.

Usiku wa pili, baada ya adhana ya alfajiri, nilikuwa nimesinzia kwenye jamvi karibu yake nikasikia kitu kidogo kinagonga gazeti. Halafu tena. Nikawasha tochi ya simu. Punje tatu, bado ndogo, mbili zimeungana kwa unywele kama ushanga. Nilimwamsha mwanangu aje aone, na alikuja, na tulikaa pale sote wawili tunatazama mavi ya sungura kwa furaha ambayo siwezi kuieleza. Siku ya tatu alikula ukoka mwenyewe. Siku tatu, dhidi ya tano za mwanzo, na safari hii hakukonda vile.

Sasa kasoro zake. Nyuzinyuzi za unga huu zinaziba bomba, hasa ukikoroga mzito. Unasukuma hakitoki kitu, unasukuma kwa nguvu kinatoka chote kwa mpigo, na hapo ndipo unaweza kumpalia mnyama. Nilipata dawa yake: nunua bomba la mililita 10 duka la dawa, likate ncha kwa kisu cha moto tundu lipanuke, kisha pasugue kwa msasa mpaka pawe laini, usije ukamkata fizi. Maelekezo ya pakiti yote ni Kiingereza, ikabidi niyaandike upya kwa Kiswahili kwenye karatasi ya daftari na kuyabandika mlangoni mwa friji ili mwanangu na mama yangu waweze kunisaidia zamu. Na hewa ya kwetu ina unyevu. Pakiti iliyofunguliwa ikikaa kabatini wakati wa masika unga unashikana mabonge, kwa hiyo iweke kwenye friji, ndani ya kopo lenye kifuniko. Uliokwisha kuchanganywa usiuweke kupita siku moja, mie ukipita mchana na umeme umekatika naumwaga. Jambo jengine, ukimdondokea kidevuni na kifuani unakauka kama udongo wa kiambaza. Mfute hapo hapo kwa kitambaa cha maji ya moto kiasi, ukingoja unakuja kung'oa manyoya.

Kubwa kuliko yote ni kwamba hautoshi. Kwa uzito wa Kungu pakiti moja inakwenda siku nne na kitu. Alipoumwa mara ya tatu, Novemba, nilianza na nusu iliyobaki, ikaisha usiku wa pili. Nikachukua ukoka niliokuwa nimeuanika kivulini, nikautwanga kwenye kinu, nikauchekecha mara mbili kwa chujio la chai, nikauchanganya na vidonge vyake vilivyorowekwa. Nasema kwa haki: ulifanya kazi. Alikula kwa taabu, alitema nusu, bomba liliziba kila dakika, mikono ikaniuma kwa kutwanga, lakini utumbo haukusimama tena. Kwa hiyo ukikosa unga wa dukani usikate tamaa ukakaa bure. Ila ukiniambia nichague saa nane za usiku kati ya kinu na pakiti, nachagua pakiti.

Kuna mwenzangu mmoja alinunua akidhani ni dawa, sungura wake alipokufa akalalamika kwamba pesa zimepotea. Namwonea huruma, lakini huu si dawa na haumwambii mtu ugonjwa ni nini. Unakupa siku. Zile siku daktari anazitumia kuondoa maumivu, kutia maji, kupima. Kumlisha bila kumwondolea maumivu ni kumsumbua tu, nimeliona hilo kwa macho yangu mara ya tatu daktari alipochelewa: mpaka alipochomwa sindano ndipo taya lilipokubali.

Chanzo hatujakipata. Nina daftari la skuli ninaloandika kila siku amekula nini, ametoa choo kiasi gani, hewa ilikuwaje. Tumelipitia na daktari ukurasa kwa ukurasa. Si joto, kwa sababu Julai. Si kupukutika manyoya, kwa sababu Novemba hakuwa anapukutika. Si chakula kipya, daftari linaonyesha ni kile kile. Meno ametazamwa mara tatu, kinyesi mara mbili zaidi. Picha ya eksirei sikupata pa kumpiga. Tulichobadilisha ni kimoja tu cha maana: vidonge tumepunguza mpaka vijiko viwili kwa siku, na majani makavu yapo mbele yake mchana na usiku, ukoka na majani ya tembo ninayoanika juu ya kamba kivulini. Aprili aliumwa tena, mara ya nne, lakini nilimkuta mapema, bado ana moto mwilini, nikampigia daktari na kuanza unga ndani ya saa mbili. Kesho yake jioni alikuwa mlangoni mwa jiko.

Nyota naupa nne kati ya tano. Ya tano ningeitoa kama ungepatikana hapa Pemba, mtu usingoje mtu wa kusafiri.

Pakiti iliyopo sasa iko kwenye friji nyuma ya mtindi, imebaki robo, tarehe yake bado. Dada anakuja Idi. Ameniuliza kama kawaida aniletee nini, udi au kitambaa, nimemwambia pakiti tatu, na mabomba ya tundu pana akiyaona.