Heda moja kwa mazao yote? Nimejaribu misimu miwili

Naishi Tabata, nalima mpunga Dakawa, mahindi na alizeti Kibaigwa. Kombaini yangu, mashine ya kuvunia, nimeinunua kwa muuzaji wa Barabara ya Nyerere, iliyotumika, na heda yake moja, yaani kile kifaa cha mbele kinachokata mazao na kuyaingiza ndani. "Bosi, hii inavuna kila kitu," akaniambia. Nikaamini, maana bei ilishanilainisha.

Kwenye mpunga sina neno. Kisu cha meno kinakata, zile fito zinazozunguka zinainamishia masuke ndani. Hata mpunga uliolala inauzoa, ili mradi dereva aende polepole na auendee kutoka upande ulikolalia.

Kibaigwa ndiko nilikoumbuka. Fito zinachapa bua, hindi linaruka na kuanguka chini, halafu mabua mazima yanaingia mpaka mashine inakabwa. Watoto walifuata nyuma na ndoo, wakaokota hadi wakachoka.

Msimu uliofuata nikanunua heda ya mahindi. Hiyo haikati bua: rola zinalivuta kwenda chini, hindi linakwama juu na kunyofoka, shina linabaki shambani. Raha tupu, ila midomo yake ya kuingizia mistari ya mahindi imeachana sentimita 75. Shamba la juu tulipanda kwa kamba kwa kipimo hichohicho, likavunwa safi. La chini lilipandwa kwa plau ya ng'ombe, mstari huku 60, kule 90. Mabua mengi yalilazwa tu. Kapime mistari yako kabla ya kutoa hela, mimi nilipima baadaye.

Na msidhani ukibadili heda umemaliza. Siku ya kwanza punje zilitoka zimepasuka, wanunuzi sokoni wakanitazama kama nimeleta chenga. Fundi alipunguza kasi ya ngoma ya kupukuchulia na kupanua nafasi chini yake, zikatoka nzima.

Alizeti sikuinunulia heda. Mafundi wa Gerezani walinitengenezea trei za bati, tukazifunga mbele ya kisu cha heda ya mpunga ili zidake mbegu zinazopukutika. Zinapiga kelele balaa, lakini kazi zinafanya.

Heda ya mahindi naipa nyota nne. Muuzaji, hata nusu simpi. Maharage bado tunang'oa kwa mkono, maana maganda yako chini mno na kisu changu kinapita juu yake. Muuzaji yuleyule ananiambia sasa anayo heda inayojipinda kufuata ardhi. Nimemjibu ailete kwanza Kibaigwa, nitalipia mafuta.