Nimejaribu kipima unyevu kwenye kuta za matumbawe, Lamu

Asalaam aleikum, karibuni. Leo niko Mkomani, hapa Lamu, nyumbani kwa bibi yangu, na nimeshika hiki kidude chenye pini mbili. Ni kipima unyevu. Unachoma pini ukutani, kinakupa namba. Nimekuwa nacho tangu masika.

Siku ya kwanza nilianzia msana wa chini, ule ukumbi mrefu wa nyumba zetu za kale, karibu na choo, ambako lipu ilikuwa imevimba na kumwagika ukiigusa. Kikasoma 38. Hapo hakuna ubishi. Nikapanda juu, kwenye ukuta mkavu kabisa, ukiusugua mkono unatoka na vumbi. Kikasoma 33! Ndipo nilipoanza kukitilia shaka.

Sikilizeni, kifaa hiki hakioni maji. Kinapitisha umeme mdogo sana kutoka pini moja hadi nyingine na kupima unapita kwa urahisi gani, na namba zake zimepangwa kwa kupimia mbao, si mawe. Kuta zetu ni mawe ya matumbawe, na hewa ya bahari yenye chumvi inazipiga mwaka mzima. Chumvi ikipata unyevu kidogo tu inapitisha umeme, na unyevu huo inauvuta yenyewe hewani. Si mnaona chumvi ya jikoni inavyogandana wakati wa mvua?

Nikahakikisha. Nilikata ubao mmoja vipande viwili, kimoja nikakiroweka kwenye maji ya mvua, kingine ya bahari, nikavianika wiki nzima. Cha mvua kilisoma 12, cha bahari 27. Ubao ule ule, jua lile lile.

Hili linaniuma, kwa sababu namba kama hizo ndizo zinazowatisha wenye nyumba hadi wanakubali chokaa ibanduliwe na kupigwa saruji. Ukuta wa chini ulifanywa hivyo miaka ya nyuma, saruji na rangi ya mafuta juu yake. Maji yanayopanda kutoka ardhini yakakosa pa kutokea, yakazidi kupanda, chumvi ikaganda nyuma ya lipu na kuisukuma. Chokaa ingeuacha ukuta utoe jasho lake.

Kabla hujanunua kifaa, chukua foili ya jikoni, ibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne, iache siku mbili. Ukikuta maji upande wa ukuta, ukuta una maji. Yakiwa upande wa chumba, ni hewa ya ndani. Fungua madirisha kwanza.

Kwa milango na fremu za mbao, kinunueni, kinafaa. Kwa ukuta, kitumieni kulinganisha tu: weka alama ya penseli, pima pale pale kila mwezi, angalia namba inaelekea wapi. Mimi nilitoa shilingi 1,900, na kwa ukuta peke yake nisingetoa tena.

Sasa sogeeni karibu. Saruji yote tumeibandua, chumvi tumeipiga brashi kavu, maana ukiosha kwa maji unairudisha ndani. Alama ya penseli ni hii. Ilikuwa 38 wakati wa masika. Leo, kaskazi inavuma, ule upepo wa kiangazi... 26. Fundi wa chokaa nimemwambia asubiri. Mwezi wa pili nitapima tena hapa hapa, mkiona.