Retevis RT97: Redio Koli Zimevuka Mlima Lushoto!

Haya ndugu zangu, karibuni. Mzigo umefika! Retevis RT97, ripita ya wati 10, yaani mtambo unaodaka sauti ya redio moja na kuirusha tena ifike mbali, naibeba hivi kwa mkono mmoja. Habari za idadi ya chaneli zimeandikwa kwenye boksi, tusipotezeane muda.

Tuko Lushoto. Shemeji yuko bondeni Mazinde na redio ya mkononi, UV-5R, mimi huku mjini ninayo ya pili. Sikilizeni kwanza bila ripita. "Shemeji, unanipata?" Mnasikia? Shwaaa. Mlima wote umekaa kati yetu, na mawimbi haya hayatoboi mlima.

Sasa ripita tumeifunga Irente, ukingoni kabisa, antena juu ya mlingoti wa mita 6, betri ya volti 12 pale chini. "Shemeji, unanipata?" "Nakupata vizuri kaka, hadi jogoo wa huko namsikia!" Jamani! Redio ni zilezile, betri zilezile.

Ninachokipenda ni hiki. Mwenzangu kasimama kule ng'ambo ya barabara na redio ya tatu. Mtazameni yeye, mimi nahesabu. "Moja... mbili... tatu..." Mmeona? Sauti inatoka palepale, kidole sijakitoa kwenye kitufe! Ripita inapokea kwenye masafa haya, papo hapo inarusha kwenye masafa mengine, na dupleksa iliyomo ndani, yaani kichujio kinachotenganisha masafa hayo mawili, inazuia isijizibe masikio yenyewe. Ndiyo maana antena moja inatosha. Vile viboksi vya bei chee vinarekodi kwanza, ukimaliza kusema ndipo vinarudia. Gari limekwama kwenye kona za kushukia Mombo, unasubiri kila neno mara mbili? Hapana.

Bei imesimama, sikatai. Pesa hii unapata UV-5R kumi na zaidi. Na masafa yako uyataje unapoagiza, maana dupleksa inasetiwa kiwandani. Kwa hiyo leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwanza, mzigo baadaye. Msianze kinyume.

Kilichoniudhi ni waya wa antena niliouziwa dukani, mwembamba kama wa chaja! Mita 20 za waya ule, nguvu yote inaishia njiani. Nimeweka mnene, tena mfupi, mambo yakabadilika. Wiki ijayo nitazipima nyaya zote mbili mbele yenu, na mlioulizia sola, nayo imo humo humo.

Shemeji bado yuko hewani, anauliza kama apande gari arudi. Panda, shemeji, chakula kipo!