Kubadili rangi ya plastiki za ndani ya gari: nini ununue, nini uache dukani

Wengi wakitaka kubadili rangi ya ndani ya gari wanaanza na swali la rangi gani, nyeusi au kijivu au ile kahawia ya kitajiri. Mi naona swali la kwanza ni hili: ukipakwaruza na funguo, chini itatokea rangi gani? Plastiki nyingi za ndani hazijapakwa chochote, zilitengenezwa kiwandani zikiwa na rangi hiyo hiyo mpaka katikati, ndo maana unakuta gari la miaka mingi mlango umechunika kabisa ila bado ni kijivu juu na kijivu ndani. Sasa ukipuliza nyeusi juu ya krimu, siku pete ya abiria ikigusa pale utapata mstari mweupe na utauona kila ukiingia kwenye gari. Kwa hiyo hapa njia nimezipanga kwa kipimo hicho, na cha pili ni kama unaweza kurudi nyuma ukiichoka hiyo rangi.

Kabla hujatoa hela, chomoa kipande kimoja kidogo ukigeuze. Kwa nyuma kuna maandishi madogo ya aina ya plastiki yaliyobanwa na vialama, kama >ABS< au >PP< au >PP-T20<. Hiyo ABS haina makuu, inashika rangi vizuri ukishaisafisha. PP, yaani polipropilini, ndo mtihani, kitu chochote unachopaka au kubandika juu yake kinatafuta sababu ya kubanduka, na dawa yake ni kupuliza kwanza kile kimiminika cha kushikisha rangi, kopo lake linakuwa limeandikwa "adhesion promoter". Ukiona muuzaji anakwambia plastiki ni plastiki tu, chukua kopo lako uende zako. Na vipande vichomoe kwa vile vifaa vya plastiki vya kubandulia, bisibisi ya chuma inaacha alama ambazo hakuna rangi itakayozificha.

Namba moja: badilisha kipande chenyewe

Najua ulikuja kutafuta rangi ya kupuliza ila nisikilize. Model moja ya gari mara nyingi ilitoka na ndani za rangi mbili au tatu, wewe una krimu kuna mwenzio ana nyeusi, na lake limeshavunjwa linauzwa spea. Kipande chake kina rangi ya kiwanda mpaka ndani, hakibanduki, hakinuki, na kile cha zamani unakiweka stoo ukitaka kurudisha unarudisha. Kama gari ni Toyota angalia ile plate ya utambulisho sehemu iliyoandikwa C/TR, ya kwanza ni namba ya rangi ya bodi na inayofuata ni ya ndani. Hata namba za spea zao zimegawanyika kwa vistari, kwa vipande vya rangi zile herufi mbili za mwisho ndo zinabeba rangi, kwa hiyo namba ikifanana yote ikatofautiana mwishoni tu jua umepata mali yako.

Cha kuangalia ni gari la usukani upande gani, ni toleo la kabla au la baada ya kuboreshwa, na matundu ya swichi yako mangapi, maana kipande cha mlango chenye swichi nne hakikai kwenye gari lenye swichi mbili. Nunua na klipu mpya, za zamani zinakatika. Dashibodi nzima lakini mi siishauri, kuitoa ni kufungua nusu ya gari na eabegi ya abiria, yaani ule mfuko wa hewa wa usalama, ikiwemo.

Namba mbili: rangi maalum ya plastiki na vinyl (ile plastiki laini kama ngozi)

Hapa ndo wengi mtaishia, kwa sababu kipande cha rangi unayotaka hakipatikani au hakijawahi kutengenezwa. Nazungumzia makopo kama SEM Color Coat au Dupli-Color Vinyl & Fabric, siyo rangi yoyote ya kupuliza. Tofauti ni kwamba hizi zinakaa nyembamba sana, zinapinda pamoja na plastiki bila kupasuka, na zile nukta nukta za mfano wa ngozi zinabaki zinaonekana. Rangi ya kawaida inajaza yale mabonde, kipande kinakuwa na uso laini wa ajabu mtu akikaa tu anajua hapa pamepakwa.

Sehemu kubwa ya hela yako iende kwenye maandalizi, sio kwenye rangi. Adui mkubwa ni ile polishi ya kung'arisha dashibodi, ina silikoni, na silikoni ikiwepo rangi inajikunja na kufanya vitundu kama macho ya samaki. Kama gari limepakwa hiyo kitu kwa miaka, osha kwa sabuni na brashi laini, rudia, alafu futa na alkoholi ya isopropili kwa kitambaa kisichotoa manyoya. Usitumie asetoni, ABS inayeyuka kabisa, na thina ya fundi rangi nayo iweke mbali. Baada ya hapo sugua taratibu na ile pedi ya kijivu ya kusugulia, au msasa laini wa 600 kwenye sehemu isiyo na nukta nukta, futa tena, puliza kile cha kushikisha kama ni PP, alafu rangi.

Rangi yenyewe puliza nyembamba mara tatu au nne, ya kwanza iwe kama ukungu tu bado unaona plastiki ya chini, wengi wanaharibu hapa kwa kutaka ifunike mara moja. Kati ya koti na koti fuata dakika zilizoandikwa kwenye kopo. Hata ikikauka ukiigusa bado haijakomaa, ipe siku kadhaa kabla hujaanza kuegemea kiwiko. Vaa maski yenye kichujio cha mvuke, ile ya kitambaa inazuia vumbi tu, na kama dukani wanakupa rangi ya kuchanganya na hadna, yaani dawa ya kuigandisha, basi hiyo ina isosayanati, kemikali hatari kwa mapafu, mwachie mwenye chumba na vifaa.

Kuhusu mwelekeo wa rangi: kutoka krimu kwenda nyeusi inafunika haraka ila kila mkwaruzo utaonekana, kutoka nyeusi kwenda krimu inakula makopo na kona zinabaki na kivuli, kwa hiyo kama huna sababu ya maana usiende huko. Kutoka kijivu kwenda kijivu kilichoiva zaidi ndo salama kuliko zote na hakuna anayeifikiria. Nunua makopo yote siku moja yenye namba moja ya toleo, ukirudi baadaye kivuli kinaweza kutofautiana kidogo na mlango mmoja ukakusuta.

Namba tatu: rapu, ile filamu nyembamba ya kubandika

Kwa vipande laini na vya bapa, pale kwenye gia, mistari ya milango, fremu ya redio, rapu inaipita hata rangi, na ingekuwa namba mbili kama ingeshika kila mahali. Haishiki kwenye plastiki yenye nukta nukta, gundi inagusa vilele tu na baada ya muda inanyanyuka. Uzuri wake ni kwamba unaipasha moto kidogo unaivua, chini kipo kama kilivyokuwa, kwa gari ambalo siyo lako au utaliuza karibuni hii ndo chaguo.

Kuna aina mbili na usikubali kuchanganywa. Ile ya "cast", mfano 3M 2080 au Avery Dennison SW900, inakubali kuvutwa kwenye kona na kubaki. Ya bei ya chini ni "calendered", inakumbuka ilivyokuwa, na juu ya dashibodi iliyoachwa juani ambapo joto linaweza kupita nyuzi 70 inajivuta taratibu mpaka kingo zinafunguka. Rola nyingi zina upana wa mita 1.52 kwa hiyo kipande kifupi kinatosha ndani nzima, omba mabaki kwa wanaorapu magari mazima. Ukimaliza kubandika pasha tena kingo na zile sehemu ulizovuta, wengi wanaishia nyuzi 90 hivi, hapo ndo inasahau umbo la zamani. Rapu yenye mchoro wa kuiga nyuzi za kaboni siwezi kumzuia mtu, ila kila mahali ikiwa kaboni ndani panafanana na kesi ya simu.

Zilizobaki, haraka haraka

Kuzamisha kwenye maji yenye filamu ya michoro kunatoka kuzuri sana mikononi mwa anayejua, kwa mbao na marumaru hasa, ila ni kazi ya karakana, inamaliziwa na kliakoti, yaani koti la juu lisilo na rangi, na ikikwaruzwa huwezi kupaka sehemu moja tu. Rangi ya mpira kama Plasti Dip inafaa kujaribia rangi kabla hujaamua, basi, weka mahali ambapo mkono haufiki maana vidole vinaimenya. Siti za ngozi zina rangi yake ya maji ya kupaka kwa sponji na koti la juu la kulinda, usizipake hizi za plastiki wala rangi ya viatu, utavaa suruali nyeupe siku moja tu.

Kopo la kawaida la kupulizia geti ndo la mwisho kabisa, hata likiwa linang'aa dukani. Pia nyeusi ya kung'aa kwa ujumla, iwe rangi iwe rapu, inaokota kila alama ya kidole na kila vumbi, chukua isiyong'aa.

Na popote palipoandikwa SRS au AIRBAG, usukani katikati, juu ya boksi la abiria, nguzo za pembeni, ubavu wa siti, usirapu wala usipulize, pale pamepangwa papasuke kwa mstari fulani kwa sehemu ndogo ya sekunde na kitu chochote cha juu kinaweza kubadili hilo. Kava za siti nazo nunua zile zilizoachwa wazi au zenye mshono wa kupasuka upande wa eabegi. Ukifungua kipande karibu na hizo sehemu, chomoa betri kwanza usubiri muda ulioandikwa kwenye kitabu cha gari. Juu ya dashibodi pabaki giza na pasing'ae hata kama kwingine kote umeweka krimu, la sivyo mchana utakuwa unaendesha huku kivuli cha dashibodi kimelala kwenye kioo cha mbele.