Oili ya sintetiki kwa gari ya tabo: uzoefu wangu baada ya kukosea mara mbili

Ngoja nianze na ile asubuhi maana ndo iliyonitia adabu. Gari imelala nje usiku kucha, baridi kweli kweli, nawasha, na kwa sekunde kama nne hivi tapeti zinalia ta-ta-ta-ta mpaka nikatamani kuzima, halafu zikatulia, ila mshale wa geji ya presha ya oili umepanda karibu na mwisho na hautaki kushuka. Oili niliyokuwa nimeweka wiki moja nyuma ni 10W-60, bei yake ya kuuma, ubavuni mwa galoni wameandika maneno ya mashindano, na mi hapo najiona fundi.

Gari yenyewe ni Golf GTI ya kizazi cha 6, lita 2.0 yenye tabo, zile injini ambazo petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda. Imefanyiwa rimapu kidogo, yaani programu ya kompyuta ya injini imeguswa iongeze nguvu, sio kitu cha kutisha. Kila siku inanipeleka kazini na kunirudisha, na mara tatu nne kwa mwaka naipeleka kwenye uwanja wa mbio ikachoke. Yaani ni gari ya barabarani yenye nguvu, sio gari ya mashindano, na hiyo tofauti ndo sikuielewa kabisa mwanzoni.

Hiyo 10W-60 niliinunua kwa hesabu za darasa la kwanza, 60 ni kubwa kuliko 40 kwa hiyo inalinda zaidi, na jamaa wawili watatu wenye magari makali wakanikazia kwamba tabo inataka oili nzito. Sasa oili yenyewe haina kosa, BMW walikuwa wanaitaka kwenye M3 ya kizazi cha E46 na ile ya kizazi cha E92 yenye V8, injini zimetengenezwa kuitumia. Yangu haikutengenezwa hivyo. Kitabu cha maelekezo kilikuwa kwenye droo ya dashibodi miaka yote, nimekifungua siku hiyo ya tapeti, kinasema VW 502 00 au 504 00, yaani viwango vya oili vya Volkswagen wenyewe, basi, hakuna sehemu imeandikwa 60.

Kilichonisaidia zaidi kuliko maneno ya watu ni kufunga geji ya joto la oili. Aisee kama una gari ya namna hii na huna hiyo geji unabahatisha tu, maana geji ya maji inakudanganya, maji yanafika nyuzi 90 mapema na ule mshale unakaa katikati unaona mambo tayari, kumbe oili bado iko 55 au 60. Safari yangu ya kazini ni dakika kumi na mbili. Nikiwa na ile 10W-60 nilikuwa nafika, nazima, na oili haijavuka 70, kila siku, wiki nzima. Gari inajivuta kama inapanda mlima, na nikichomoa kijiti cha kupimia nasikia harufu ya petroli, kwa sababu petroli kidogo inayopita kwenye ringi za pistoni ikateremka chini kwenye oili inahitaji joto ndo ipate kugeuka mvuke, na joto hilo mi sikuwa nalipata.

Hizi namba tuwekane sawa kidogo maana nilizielewa vibaya kwa miaka. Ile ya mbele yenye W ni ya kwenye baridi tu, inapimwa injini ikizungushwa kwenye baridi ya kugandisha, 0W inapimwa kwenye nyuzi 35 chini ya sifuri, 5W kwenye 30 chini, 10W kwenye 25 chini. Ya nyuma inapimwa oili ikiwa nyuzi 100. Kwa hiyo 0W-40 sio nyepesi kuliko 5W-40 injini ikishapata moto, zote mbili ni 40, ila 0W inawahi kufika juu kwenye tapeti na kamshafti asubuhi ya baridi kali. Na hakuna oili inayokuwa nyepesi sana asubuhi, zote ziko nzito kuliko zitakavyokuwa injini ikichemka, nyingine zimezidi tu.

Basi nikamwaga 10W-60, na kama kawaida ya mtu aliyeungua nikakimbilia upande wa pili. Nikachukua 5W-30 moja, brandi siitaji, imeandikwa sintetiki asilimia mia kwa herufi kubwa. Mtaani ikawa tamu balaa, gari nyepesi, tapeti kimya, nikasema ndo hii. Halafu nikaenda nayo uwanjani. Raundi ya sita joto la oili limefika 128, nikatoka pembeni nikaiacha gari inanguruma palepale nimesimama, presha ikashuka mpaka mahali sijawahi kuiona, na nikikanyaga inapanda kidogo tu kama mtu mgonjwa. Nilizunguka raundi moja polepole kuipoza nikarudi kupaki, siku yangu imeisha saa nne asubuhi.

Nyumbani nimekaa na lile galoni mezani nalisoma nyuma, maandishi madogo kabisa. ACEA A5/B5, daraja la oili linalopangwa na watengeneza magari wa Ulaya. Hapo ndo nikakutana na kitu kinaitwa HTHS, na kama utashika kitu kimoja tu kwenye uzoefu wangu shika hiki. Ni kipimo cha uzito wa oili ikiwa nyuzi 150 na huku inasagwa kwa kasi kubwa, yaani hali ile inayokuwa katikati ya krenki na beringi zake ukiwa umekanyaga mpaka mwisho. Oili za A5/B5 zinaruhusiwa kukaa kati ya 2.9 na 3.5 (kipimo chake ni mPa·s), zimetengenezwa kuokoa mafuta. Za A3/B4 lazima zianzie 3.5 kwenda juu. Injini yangu inataka 3.5. Na usije ukadhani ni suala la 30 na 40, kuna 5W-30 za VW 504 00 ambazo nazo HTHS yake ni 3.5 na zaidi, kwa hiyo mbili zote zimeandikwa 5W-30 kwenye rafu moja, moja ingenitosha na nyingine ndo hiyo iliyonifanya nirudi nyumbani mapema. Maandishi makubwa ya mbele ya galoni hayakwambii hilo.

Jambo lingine la kwenye maandishi madogo, kuna maneno ya ujanja. "Imeidhinishwa" ni kitu kimoja, maana yake mtengeneza gari kaipima kakubali. "Inafaa kwa" au "inapendekezwa kutumika pale inapohitajika" ni mwenye oili anajisemea mwenyewe. Yangu ile ilikuwa na orodha ndefu ya "inafaa kwa", na mi nilivyoona VW kwenye orodha nikatosheka. Siku hizi naenda kwenye tovuti ya mtengeneza oili nashusha karatasi ya maelezo ya bidhaa, natafuta HTHS na idhini, kama HTHS haijaandikwa narudisha galoni kwenye rafu.

Ya tatu ndo iliyokaa. Mobil 1 0W-40, ina idhini ya Mercedes (MB 229.5) na ya Porsche (A40), na ya VW 502 00 ninayoitaka mimi. Asubuhi hakuna kelele, presha inapanda haraka na inashuka kawaida oili ikipata moto, uwanjani siku ya joto oili imefika 126 na presha gari ikiwa imesimama haikunitisha. Baadaye nikajaribu na Motul 8100 X-cess 5W-40, mtu akinificha galoni sidhani kama ningejua ipi ni ipi, kwa masikio labda Motul imetulia kidogo zaidi, lakini masikio yangu siyaamini sana siku hizi. Nachukua iliyopo.

Sasa ubishi wa sintetiki ya kweli na ya uongo. Watu wanagombana sana hapa. Oili inaundwa na msingi pamoja na dawa zilizochanganywa ndani, na msingi wa kundi la 3 unatokana na mafuta ghafi yaliyosafishwa kwa nguvu sana, wakati kundi la 4 ni PAO, imejengwa kiwandani kutoka kwenye gesi, na kundi la 5 ndo kuna esta na wenzake. Tangu 1999 kule Marekani ilikubalika kundi la 3 nalo liuzwe kwa jina la sintetiki, Ujerumani wao wagumu zaidi na neno hilo. Mi nilipoteza wiki nzima nikitafuta PAO safi halafu nikaacha, maana oili ya kundi la 3 iliyopita mtihani wa mtengeneza gari naiamini kuliko ya PAO isiyo na idhini yoyote.

Kama gari yako ni ya tabo na sindano zinapuliza petroli ndani ya silinda kama yangu, angalia pia API SP, kiwango cha Marekani cha oili za injini za petroli, ilianza 2020. Kuna tatizo la petroli kulipuka kabla ya wakati ukiwa gia ya juu mizunguko midogo halafu ukakanyaga ghafla, inaweza kupasua pistoni, na ilionekana kalsiamu nyingi kwenye dawa za oili inachangia, kwa hiyo wakaipunguza na kuingiza magnesiamu. Dawa nyingine ya hilo ni ya bure, shusha gia.

Kilichonishangaza kuliko vyote ni muda wa kubadilisha. Nilituma sampuli kwenye maabara inayopima oili iliyotumika, kichupa kidogo tu, unakinga katikati ya kumwaga, sio tone la kwanza wala la mwisho. Oili ya 40 uzito wake, hapa kwa kipimo cha cSt na sio kile cha HTHS, unatakiwa usishuke chini ya 12.5 kwenye nyuzi 100. Yangu ilianza na 14 na kidogo, baada ya kilomita 9,000 karatasi ikarudi 11.6, na petroli ndani yake. Kwa hiyo nilikuwa naendesha na oili ya 30 bila kujua, baada ya kuhangaika kote kule kutafuta 40! Na kwenye kijiti ilikuwa inaonekana nzuri tu, nyeusi kidogo, na weusi wenyewe hausemi kitu, ni masizi imeyashika kama inavyotakiwa. Chuma kwenye ripoti, yaani unga unaotoka injini ikisagika, kilikuwa kawaida, nikashusha pumzi. Sasa hivi namwaga kila kilomita 5,000 na filta mpya kila mara, sampuli ya mwisho ilikuwa 13.1. Nikiwa na siku ya uwanjani nahakikisha oili ina umri mdogo, na asubuhi nasubiri ifike 80 kabla sijavuka mizunguko 3,000, abiria wangu wanadhani naogopa.

Motul 300V nayo nimeijaribu msimu mmoja kwa ajili ya uwanjani, ile yenye esta. Presha kwenye joto kali ilikaa vizuri kuliko zote nilizowahi kuweka. Ila hiyo ni oili ya mashindano, huikuti na hizo idhini ninazotafuta, haijakusudiwa kukaa miezi kumi kwenye gari ya kwenda kazini, na kwa matumizi yangu ya dakika kumi na mbili nikaona naitesa bure. Ukiwa kila wikiendi uko uwanjani fikiria tofauti.

Zile chupa za dawa za kuongezea kwenye oili sijaweka na siweki, mchanganyiko uliopimwa ukapewa idhini ni ule uliomo kwenye galoni, ukimwaga kitu kingine juu yake idhini umeifuta mwenyewe. Na kabla sijafungua galoni naangalia sili na namba ya toleo, niliwahi kuuziwa moja kifuniko chake kimegundishwa na gundi, nikairudisha kwa ugomvi.

Lita moja ya 10W-60 iliyobaki bado iko stoo. Naipaka kwenye bawaba za geti, halijalia tena.