Aplikesheni ya kutambua miti kwa picha: jina inakupa, tabia za mti utafute mwenyewe

Nimeitumia hii aplikesheni karibu mwaka mzima sasa, mvua na kiangazi, nafuatilia hasa miti na mimea inayovumilia ukame. Naipa nyota tatu na nusu kati ya tano.

Kwenye maua na matunda iko vizuri sana, yani unapiga ua kwa karibu, mwanga wa kutosha, sekunde chache tu jina la kisayansi hilo hapo. Mwarobaini na melia (Melia azedarach) inavitofautisha safi, na vinafanana kweli, ila lazima upige jani zima kuanzia kikonyo chake maana la mwarobaini limegawanyika mara moja tu na la melia mara mbili, ukipiga kipande tu inachanganya na hapo siilaumu.

Shida inaanza kwenye miche. Mbuyu mchanga majani yake ni ya kawaida, moja moja, yale ya vidole vitano hadi saba yanakuja baadae mti ukikua, sasa nimepiga mche nilioupanda mwenyewe kwa mbegu ikaniletea majina manne na mbuyu haumo kabisa!

Mshubiri na mkonge nayo inavichanganya kama hakuna ua. Hapo kamera weka pembeni vunja jani: la mshubiri linakatika kirahisi na ndani ni ute, la mkonge limejaa nyuzi linakugomea. Alafu mkonge unatoa maua mara moja tu maishani mwake kisha unakufa, mshubiri unarudia tena na tena. Mnyaa usiuvunje hivyo jamani, utomvu wake mweupe ukiingia machoni unaumiza vibaya sana.

Kinachoniuma zaidi ni maelezo ya tabia za mti, ni mafupi mno. Chukua mgunga huu Faidherbia albida, wao wameandika "hupukutisha majani" basi. Lini?? Maana huu unafanya kinyume na wenzake, mvua zikinyesha unapukutisha na kiangazi ndo unakuwa kijani, mizizi yake inashuka chini sana kufuata maji. Sasa mtu kaupanda, mvua zimekuja kila kitu kimechipua, mti wake umebaki vijiti, si ataona umekufa? Mimi nilishashika panga, kilichoniokoa ni kukwaruza gome kwanza nikakuta kijani kibichi chini yake. Sentensi moja tu ingetosha kuokoa miti ya watu.

Nisichotaka waguse ni ile sehemu ya kuhifadhi picha kwa tarehe. Mgunga wangu ninao humo kila baada ya wiki mbili, kuanzia vile vijiti vya wakati wa mvua mpaka siku ulipofunika kivuli ardhi imekauka kabisa.